Kupiga, Kupinga

"Dada, tafadhali toa mguu."

"Wewe ndiye utoe utepe."

Ilikuwa Jumamosi, siku ya kusaga kwa wingi, na Mtaa wa Magunia mjini Eldoret ulikuwa umefurika. Pikapu kutoka Moiben zilisimama pua kwa mkia tangu kona ya benki hadi mlangoni kwa mashine ya unga ya Mzee Ndungu, zimelemewa na mahindi. Trekta moja lilikuwa limepanda ukingo wa barabara kwa gurudumu moja. Wachukuzi walipita mbio na magunia mgongoni, wakifoka wapewe njia. Katikati ya vurugu hiyo kijana mrefu aliyevaa suti ya kaunda ya kahawia alikuwa amechuchumaa, akivuta utepe wa chuma wa kupimia. Na juu ya utepe huo palikuwa na kiatu cheusi cha msichana.

Msichana aliitwa Wacera, binti wa Mzee Ndungu. Alikuwa na sketi ya kijani yenye marinda na blauzi nyeupe iliyoinuliwa mabega kwa sponji, kama walivyopenda wasichana mwaka ule wa themanini na nane, na unga ulikuwa umemwingia hadi kwenye nyusi. Kwa kawaida hakuwa mtu wa maneno. Kule Nakuru alikosomea uhazili, mwalimu wake alikaa muhula mzima bila kuijua sauti yake. Lakini asubuhi hiyo alikuwa amesoma tangazo lililobandikwa kwenye mti wa taa: baraza la mji lilipendekeza kupiga marufuku kuegesha gari lolote Mtaa wa Magunia, pande zote mbili, na mwenye pingamizi aje ukumbini kulieleza. Hasira ilimpanda kifuani, akakosa mahali pa kuiweka, ikashuka mpaka mguuni.

"Unapima nini?" aliuliza.

"Upana wa barabara."

"Upana uko. Tumeishi nao miaka yote."

"Dada, mimi ni msaidizi wa mpimaji tu. Si mimi nimetunga hiyo seria."

"Na gunia la mahindi litashukia wapi? Litaruka kutoka kona ya benki?"

Wachukuzi waliangua kicheko. Mama Chepkoech, mkulima wa Moiben, mwanamke mnene mwenye gambuti na sauti ya kuitia ng'ombe, alitoa kichwa kwenye dirisha la pikapu yake. "Kanyagia hapo hapo, msichana! Akivuta, mimi nampandia na gari!"

Kijana alitazama gurudumu la pikapu, kisha akamtazama msichana. Alikuwa na macho ya upole ambayo hayakulingana na kazi aliyotumwa. "Basi niambie jina, niandike nani amezuia kazi."

"Wacera."

"Wasera."

"Sio Wasera. Inatamkwa She. Washera."

"Ndiyo nimesema. Wasera."

Wacera aliuma mdomo ili asicheke, maana alitaka kuendelea kukasirika. Akauondoa mguu ghafla. Utepe ukarudi kwa kishindo na kumchapa kijana kidole.

"Uwi!"

"Pole," alisema Wacera, na ilimwuma kwamba pole hiyo ilikuwa ya kweli.

Jumamosi iliyofuata kijana alirudi bila utepe. Alikuwa amebeba mahindi ndani ya mfuko wa karatasi, machache hata hayangejaza sufuria.

"Unataka nikusagie hayo?" Wacera alisema kwa sauti ya juu, maana mashine ilikuwa ikinguruma. "Hayo yatapotelea ndani ya mashine!"

"Ni ya ugali wangu! Mimi ni kapera, nakaa Kiplombe! Naitwa Jacktone! Jacktone Obiero!"

"Sikukuuliza!"

"Najua! Nimeona nikusaidie!"

Alisagiwa ugali wake. Jumamosi nyingine akaja tena na mfuko mwingine, na nyingine tena, hadi wachukuzi wakampa jina la Bwana Kikombe, kwa udogo wa mzigo wake. Siku moja alimsindikiza Wacera hadi kanisani, siku nyingine wakala samosa wakiwa wamesimama nje ya sinema, naye Jacktone akawa anamwita jaber, neno la kwao upande wa Ziwa la kumwita mtu mzuri. Wacera alisikia neno hilo akajifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba.

Kati ya Jumamosi na Jumamosi palikuwa na simu. Ilikuwa simu nyeusi iliyotundikwa ukutani, kando ya mkanda wa mashine, na Mzee Ndungu alikuwa na sheria moja juu yake: mashine haizimwi kwa sababu ya simu. Kwa hiyo mapenzi ya Wacera yalipigiwa kelele.

"Umekula?" Jacktone aliuliza siku moja kutoka ofisini.

"Nini?"

"Umekula!"

"Nimekula! Sikusikii! Wacha, nitakupingia jioni!"

Upande wa pili kicheko kilipasuka. "Utanipingia? Jaber, nimekukosea nini?"

Wacera alishika shavu. Shuleni walimchapa sana kwa neno hilo, akadhani ameliacha huko. Kwa watu wa kwao, ulimi hauitoi g bila kuitangulizia n. Kwa baba yake gari lilikuwa ngari, gunia ngunia, na kupiga na kupinga vilikuwa neno moja kabisa. Sikio lake halikujua kwamba ni mawili. Wacera yeye aliteleza tu akiwa na haraka au akiwa na furaha.

"Na wewe unayesema samba?" alimjibu. "Samba ni nini? Hata simba hakutambui."

"Samba ni samba, pale mahindi inatoka."

"Jinga wewe."

"Usisahau kunipinga."

"Nitakupinga sana," alisema Wacera, na neno hilo likawa lao wawili. Kila simu iliishia hapo. Nitakupinga. Na mimi nakupinga. Mama Chepkoech alisikia siku moja akauliza kama wanapendana au wana kesi.

Jambo moja tu hawakuligusa, nalo lilikuwa barabara. Wacera alijaribu mara moja.

"Jacktone, mkifunga huu mtaa, sisi tumekwisha. Mtu hawezi kubeba gunia kutoka kona ya benki. Ataenda kusaga kwingine."

"Ni mapendekezo tu. Watu watasikizwa."

"Na kile kiwanja huko nyuma?"

Mtaa mzima ulijua kiwanja kilichozungushiwa mabati nyuma ya maduka kilikuwa cha nani. Kilikuwa cha Diwani Johnstone, mwenyekiti wa kamati ya barabara, na lango lake lilikwisha kupakwa rangi mpya na kuandikwa MAEGESHO YA KULIPIA.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wenye maduka walivaa makoti yao ya kanisani. Kwenye meza ya mbele alikaa Diwani Johnstone, mtu mfupi wa tai nyekundu na beji ya Chama kifuani, na kando yake maofisa, na mwisho wa meza Jacktone na ramani yake, siku hiyo akiwa karani wa mkutano. Wacera alikuwa safu ya tatu karibu na baba yake. Jacktone alimwona, akakonyeza kidogo. Wacera alitazama chini akitabasamu.

Wananchi walianza kusema. Mwenye duka la vipuri alisema. Mwenye hoteli alisema. Kila aliyesimama Diwani alimkata kwa jibu moja: "Hiyo ni maoni yako wewe. Huwezi kusemea watu."

Ndipo Mzee Ndungu aliposimama. Alikuwa amenawa, lakini unga ulikuwa haujatoka vizuri masikioni.

"Mheshimiwa," alisema, "kila mtu ukimwambia hiyo ni maoni yake, basi tujue maoni ya wote. Hii maneno ya mbarambara, tupinge kura."

Diwani aliinua kichwa. "Umesema?"

"Tupinge kura."

Hayo yalikuwa majuma ya uchaguzi. Chama kilikuwa kimetangaza kwamba kura ya siri imekwisha, kila mtu atapanga laini nyuma ya mtu wake mchana kweupe, na aliyekuwa na neno juu ya hilo alilisemea chumbani kwake, dirisha likiwa limefungwa.

"Tupinge kura," Diwani alirudia polepole, kana kwamba anaonja chumvi. "Wiki hii, wewe unasimama mbele ya watu unasema tupinge kura."

"Ndiyo!" Mzee Ndungu alifurahi kwamba ameeleweka. "Mimi nipinge, huyu apinge, kila mtu apinge! Halafu mtahesabu!"

Mwishoni mwa meza mtu alicheka.

Kilikuwa kicheko kidogo kilichotoka puani kabla mwenyewe hajakizuia. Jacktone alikuwa amesikia neno lao, la kwake na Wacera, likitoka katika kinywa cha mzee mzima, na furaha ya zile simu zote ikampanda bila kufikiri. Lakini kicheko kina mbio. Ofisa wa karibu naye akacheka, kisha mwingine, kisha meza nzima.

"Hata karani anacheka!" Diwani alipiga meza. "Kijana, wewe umesikia huyu mzee amesema nini?"

Kicheko kilimkauka Jacktone. Aliwaona askari wawili wa utawala wakiacha mlango na kuja mbele. Aliona uso wa Wacera. Alijua kilichosemwa, na alijua kwa nini.

"Nimesikia, mhesimiwa," alisema, akainamia ramani yake.

"Haya. Mchukueni akaeleze huko mbele nani amemtuma."

"Nimesema nini?" Mzee Ndungu aliwauliza askari walipomshika. "Jameni, nimesema nini mbaya? Nimesema tupinge kura!"

Sauti yake ilisikika mpaka nje, ikirudia neno lile lile.

Kwa mara ya kwanza tangu Wacera azaliwe, mashine ilikaa kimya katikati ya wiki. Simu ilipolia, sauti yake ilijaza chumba kizima. Wachukuzi waliokuwa wamekaa juu ya magunia matupu waliacha kuzungumza.

"Wacera," alisema Jacktone. "Jaber, tafadhali. Nimetafuta njia ya kuja..."

"Usiniite hivyo."

"Nimesikia yuko kituoni bado. Nataka..."

"Jacktone, kwenye ule ukumbi wote nani alijua baba amesema nini?"

Jacktone alikohoa.

"Jibu."

"Mimi."

"Wewe. Wewe peke yako kwenye ile meza. Na ukacheka."

"Nilicheka kwa sababu nilikukumbuka wewe. Hivi tunavyoongea. Haikuwa kumcheka mzee, walahi."

"Usiniweke mimi ndani ya hicho kicheko chako!" Sauti ya Wacera ilipasuka, na wachukuzi wakatazama sakafu. "Nilikupa hilo neno. Shuleni lilikuwa linanitia aibu, nikakupa wewe ulichezee, kwa sababu ni wewe. Ukalipeleka kwenye meza ya Johnstone. Na sawa, kicheko kilikutoka, mtu hucheka. Lakini alikuuliza! Alikuuliza mbele ya watu, ulikuwa na nafasi, maneno mawili tu: amesema tupige. Ukasema nini?"

"Wacera, hii kazi... Mimi ni mtu wa kutoka mbali. Hapa sina mtu."

"Ulikuwa na mimi."

Alitundika mkono wa simu. Ikalia tena. Hakuigusa. Ikalia mpaka ikachoka.

Mzee Ndungu alirudi nyumbani siku kadhaa baadaye, bila mkanda wa suruali, na jicho moja limefumba. Hakutaka uji. Alikaa kwenye kiti karibu na mashine, mkono juu ya chuma baridi, na Wacera akamkandia uso kwa maji ya chumvi.

"Waliniambia nirudie lile neno," alisema. "Wakisema, sema vizuri. Nikasema, kupinga. Wananichapa. Wanasema, rudia. Nikasema, kupinga. Nikasema polepole, nikasema kwa nguvu. Wacera, mimi sijui walikuwa wanataka nisemeje. Wewe umesoma. Ni nini walikuwa wanataka?"

Wacera alikamua kitambaa, akakikamua tena kikiwa kimekwisha kukauka. Hakuweza kumweleza. Angemweleza vipi mtu mzima kwamba wamempiga kwa sababu ya n? Alitoka nje, akasimama mahali alipokuwa amekanyaga ule utepe, akaipiga lami kwa kisigino.

Mtaa nao ulikuwa umekasirika. Mama Chepkoech alikusanya wakulima wa Moiben, wenye maduka wakafunga milango, wakaenda wote ofisi za wilaya wakakaa kwenye nyasi bila kusema kitu, hadi mkubwa mmoja akachoka kuwaona. Ikaamriwa mkutano urudiwe, wananchi wasije wakasema hawakusikizwa. Safari hii ungefanyiwa barabarani penyewe.

Asubuhi hiyo Landrova ya askari iliegeshwa mbele ya mashine ya unga, mahali ambapo pikapu zilikuwa zimeambiwa zisisimame. Diwani Johnstone alipanda juu ya kreti ya soda.

"Mlitaka kura," alisema kwa kipaza sauti. "Sawa. Chama kimetufundisha njia ya wazi, isiyo na wizi. Wanaounga mkono barabara safi bila msongamano, pangeni laini hapa nyuma yangu. Wanaopinga, kama wapo," alitabasamu, "pangeni kule, karibu na gari la askari."

Vijana wa Chama walikimbia kupanga laini nyuma ya kreti. Wengine wote walibaki kwenye ukingo wa barabara. Mwenye duka la vipuri alitazama viatu vyake. Mwenye hoteli alikumbuka kitu jikoni. Walikuwa wameona jicho la Mzee Ndungu. Mzee mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni kwa mashine, na hakusogea. Midomo yake ilicheza, lakini hakuliamini tena neno lolote linalotoka humo.

"Hakuna anayepinga?" Diwani aliuliza.

Wacera alishuka barabarani.

Alivaa ile sketi ya kijani. Kila hatua aliisikia mwenyewe. Akapita mbele ya macho yote ya Mtaa wa Magunia, yeye aliyekuwa akiona haya hata kusoma risala kanisani, akaenda akasimama mbele ya Landrova, uso kwa askari. Mikono haikujua pa kukaa, akaishikanisha nyuma. Akawa laini ya mtu mmoja.

Vijana wa Chama walizomea. "Bibi harusi anangoja bwana!" mmoja alisema, wakacheka.

"Karani!" Diwani aliita. "Hesabu laini, tumalize."

Jacktone alitoka kwenye meza. Suti yake ya kaunda ilikuwa na mikunjo kama aliyelala nayo. Alihesabu laini ya nyuma ya kreti, akataja idadi. Kisha akavuka barabara, akamfikia Wacera.

"Mmoja," alisema kwa sauti.

Wacera hakumtazama.

Jacktone akapita ubavuni pake. Watu walidhani anarudi mezani. Lakini alifika nyuma yake, akageuka, akasimama hapo, kifua nyuma ya mabega yale ya sponji.

"Wawili."

"Wawili ni nani?" Diwani aliuliza.

"Ni mimi, mhesimiwa."

"Wewe ni mtu wa ofisi!"

"Ndiyo. Na kuna kitu ofisi haikuandika." Aliipandisha sauti. "Huyu mzee alisema tupige kura. Tu-pi-ge! Watu wa kwao hutamka hivyo. Nilijua siku ile, na uliponiuliza nikaogopa, nikanyamaza, mzee akaenda kuchapwa. Kama mtu anafungwa kwa sababu ya ulimi, basi nifungeni mimi pia. Mimi siwezi kusema samba. Sikizeni! Samba! Silingi! Mhesimiwa! Nifungeni!"

Halafu kutoka kwenye pikapu ya kwanza, sauti ya kuitia ng'ombe ilipaa.

"Watatu!" Mama Chepkoech aliruka chini, gambuti zikapiga lami. "Na kwetu tunasema vile tunataka!"

"Wanne!" Mwenye duka la vipuri alikuwa akikimbia. "Watano!" "Sita!" Wachukuzi, wenye maduka, kina mama wa mboga, wakulima na makoti yao mazito, kila mtu akijihesabu mwenyewe kwa sauti, hadi hesabu zikagongana na hakuna aliyejali. Laini ilipita hoteli, ikapita benki, ikakunja kona isionekane mwisho.

Katika msukumo huo Wacera alisema bila kugeuka, "Sijakusamehe."

"Sijaomba," Jacktone alijibu kisogoni mwake. "Nimekuja kupanga laini."

Diwani Johnstone alitazama laini yake, ambayo watu wake wangeweza kuingia wote kwenye pikapu moja. Alitazama ile nyingine. Akapanguza jasho, akainua kipaza sauti.

"Nimeona kwa macho yangu," alisema. "Wanaounga mkono ni wengi. Pendekezo limepita. Mkutano umefungwa."

Akashuka kwenye kreti.

Kelele iliyotoka Mtaa wa Magunia siku hiyo ilisikika sokoni. Watu hawakurusha mawe, maana askari walikuwa wameshatoa rungu. Walikataa tu kuondoka. Diwani aliingia kwenye gari lake na gari likapita polepole kando ya laini yote, na kila aliyekuwa kwenye laini alipiga bati la gari kwa kiganja, pa, pa, pa, kutoka mwanzo hadi kona. Wacera alipiga kwa nguvu hadi mkono ukawaka. Alilia, na hakujificha.

Vibao vya kukataza kuegesha vilisimamishwa. Jacktone alikuta kiti chake ofisini kimekaliwa na mtu mwingine. Pikapu za Moiben zilifukuzwa Jumamosi baada ya Jumamosi, hadi Mzee Ndungu akasema inatosha. Alikuwa na kipande cha ardhi Kiplombe, ataihamishia mashine huko.

Aliyetokea kupima msingi, bila kuitwa, alikuwa Jacktone na utepe wake wa chuma. Mzee Ndungu alimkuta amechuchumaa kwenye majani. Wacera, aliyekuwa ameleta chai, alisimama mbali akiwa na birika.

"Wewe ndiye ulicheka," alisema Mzee.

Jacktone aliinuka. "Ni mimi, Mzee."

"Hapa ulipokanyaga ni nini? Sema."

"Ni samba, Mzee."

"Rudia."

"Samba."

"Rudia."

"Samba, Mzee. Siwezi zaidi ya hapo."

Mzee Ndungu alimtazama kwa jicho lake lililopona nusu. Kisha kitu fulani kwenye uso wake kikalegea. "Basi," alisema. "Inatosha. Hapa hakuna mtu atakuchapa." Akageukia binti yake. "Lete chai. Na huyu mpe."

Wacera alimmiminia. Kikombe kilijaa, chai ikamwagika kwenye kidole kile kile kilichochapwa na utepe.

"Uwi!"

"Pole," alisema Wacera.

"Hiyo pole ni ya kweli?"

"Kunywa chai yako, Wasera ana kazi," alisema, akaenda zake haraka ili asionekane uso.

Siku ya mwisho kwenye Mtaa wa Magunia, watu walikuja kwa miguu. Walibeba mahindi kichwani kutoka kona ya benki, kidogo kidogo, ili tu mashine isage hapo kwa mara ya mwisho. Ilikuwa ikinguruma kwa nguvu zake zote simu ilipolia.

"Haloo!" Wacera alipiga kelele. "Nani?"

"Ni mimi! Niko Kisumu, kwenye kibanda cha posta!"

"Nini?"

"Nimeongea na wazee wetu! Nimewaambia juu yako!"

"Sikusikii! Umewaambia nini?"

Ghafla mashine ilikohoa, mkanda ukapunguza mwendo, gurudumu likazunguka mara za mwisho na kusimama. Mzee Ndungu alikuwa ameshika wenzo. Hakumtazama mtu. Alianza kujikung'uta unga kwenye mikono. Wateja wote waligeukia simu, na Mama Chepkoech akajisogeza na debe lake karibu zaidi.

"Sasa nakusikia," Wacera alisema taratibu. "Na kila mtu anakusikia."

"Basi wasikie. Nauliza hivi. Nikikuja na wazee kwa baba yako, utanipinga?"

Wacera alifumba macho. Alikumbuka ukumbi, na kicheko, na maji ya chumvi. Alikumbuka kifua nyuma ya mabega yake na sauti ikisema wawili. Bado alikuwa na hasira, lakini sasa alijua ni ya Diwani, si ya Jacktone.

"Nitakupinga," alisema, kwa ulimi wa baba yake, wazi, bila kuona haya. "Nitakupinga kila siku. Njoo."

Mama Chepkoech alipiga kigelegele debe likamwanguka.

"Lakini wazee wana swali," Jacktone alisema, sauti ikicheka na kulia. "Wamesikia habari ya huo mtaa wenu. Wanauliza, wakija na magari watapaki wapi?"

Wacera alifunika simu kwa kiganja, akamgeukia baba yake. Hakuhitaji kurudia, chumba kizima kilikuwa kimesikia. Mzee Ndungu alitazama nje mlangoni, kwenye kile kibao na barabara tupu chini yake, akatema mate upande. Kisha akajinyoosha.

"Mwambie wakuje Kiplombe," alisema. "Wakuje na ngari zote, hata trekta. Kupaki iko."